Chupa ya Rioja na hekta moja ya kahawa iliyozeeka

Mkutano wa kooperative ulikuwa karibu kwisha, katika grupema moja si mbali na Butembo, wakati papa mmoja alisimama na kuweka chupa tupu juu ya meza ya komite.

"Agronomu," akasema, "hii chupa nimeitosha kwa ndoa ya mtoto wa kaka yangu. Wameandika Rioja, inchi ya Hispania. Hapa kwetu misa iko kila asubui, ndoa kila juma, na divai yote inatoka ngambo, inapita Kasindi na malori. Mimi niko na hekta moja ya kahawa, miti imezeeka, haizai tena muzuri. Nikiingoa nipande mizabibu, utanipatia miche?"

Watu walicheka kidogo, lakini baada ya mkutano wengine watatu walinifuata njiani na ulizo lile lile.

Sikumjibu papo hapo. Kung'oa hekta ya kahawa si kazi ya kujaribu-jaribu. Kahawa mpya inangoja miaka mitatu hivi mbele ya kuzaa, na mzabibu nao unataka miaka miwili au mitatu mbele ya kutoa mavuno ya kweli. Katika miaka hiyo yote minervali ya watoto italipwa na nini? Hapa kwetu tumeishaona watu wakikimbilia mipapai kwa ajili ya utomvu wake, kisha vanila, na wengi waliingia wakati wengine walikuwa tayari wanatoka. Kwa hiyo nilimwomba papa anipe muda, nikakaa na vitabu vyangu vya shule. Jibu ni hili, na ni refu kuliko ile angependa.

Kule chupa ilitoka

Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kando ya mto Ebro. Upande wa juu kuna ukuta wa milima, Sierra Cantabria, unaozuia mawingu ya bahari ya Atlantiki, kwa hiyo mvua ni kidogo. Mji wa Logroño unapata milimita 400 hivi kwa mwaka mzima. Sisi Butembo tunapita mara tatu ya hiyo. Wakati wa baridi mzabibu unapukutisha majani na kulala kabisa. Unaamka mwezi wa 4, unavunwa mwezi wa 9 na wa 10, mara moja tu kwa mwaka. Zabibu nyekundu inayolimwa zaidi inaitwa Tempranillo, jina linalotoka kwenye neno la Kihispania la "mapema", sababu inaiva mbele ya zingine.

Mashamba yale ni ya zamani sana, lakini divai yake ilipata soko kubwa kwa sababu ya msiba wa jirani. Katika miaka ya 1860 kadudu kadogo kutoka Amerika, kanaitwa filoksera, kalianza kumaliza mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa divai, wakavuka milima kununua Rioja, hasa katika mji wa Haro, ambako reli ilikuwa imefika. Pamoja nao ukaenea ufundi wa Bordeaux wa kukomaza divai katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Filoksera ilifika Rioja yenyewe mwaka wa 1899. Wakati ule dawa ilikuwa imeishajulikana: kupandikiza, ile grefe, tawi la mzabibu wa Ulaya juu ya mzizi wa mzabibu wa Amerika ambao kadudu hakawezi kuuangusha. Walingoa, wakachoma, wakaanza upya. Wazee wa Beni waliopoteza robusta yao kwa trakeomikosi hawahitaji niwaeleze hiyo ni kazi gani. Kwetu pia kupuliza hakukusaidia kitu. Iliyosaidia ni kungoa, kuchoma, na kutafuta miche inayovumilia.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi katika habari ya Rioja si kadudu, ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Divai ikipata sifa, kila mwenye pipa anataka kuandika jina lile. Mwaka wa 1925 serikali ilikubali alama ya Rioja, na mwaka wa 1926 likaundwa baraza la kuilinda, ambalo leo lina wawakilishi wa walimaji na wa viwanda. Baraza linasema zabibu za vijiji gani zinaingia na zipi hazingii. Linasema pia divai inayoitwa "crianza" imekomaa miaka miwili, na kati yake walau mwaka mmoja ndani ya pipa, na "gran reserva" imekomaa mitano. Na linaweka kipimo cha mavuno: kilo 6,500 kwa hekta ya zabibu nyekundu. Niliposoma hii kwenye mkutano, mama mmoja aliuliza kama nimekosea kutafsiri. Sheria inayokataza mlimaji kuvuna mingi? Ndiyo, mama. Mzabibu uliobebeshwa matunda mengi unatoa maji yenye sukari kidogo, na divai nyepesi ya mtu mmoja inashusha jina la wote.

Kisha kuna kooperative. Zabibu ikishakatwa haingoji: inapondwa siku ileile au ya kesho yake, vinginevyo inaanza kuchachuka peke yake. Mlimaji asiye na kiwanda anafika mlangoni kwa mnunuzi na mzigo unaooza, na mnunuzi anajua. Ndiyo maana katikati ya karne ya 20 vijiji vingi vya Rioja viliungana kujenga viwanda vyao vya divai. Mlimaji mwenye nusu hekta anapeleka zabibu zake kwenye tangi lake mwenyewe pamoja na wenzake, na divai, tofauti na zabibu, inaweza kungoja bei.

Sitaki kuwadanganya kwamba kule ni paradiso. Watu wa Ulaya wanakunywa divai nyekundu kidogo kuliko zamani, matangi yamejaa, na mwaka wa 2023 walimaji wa Rioja walilipwa fidia ili wakate zabibu zingali mbichi na kuziacha chini. Jina la karibu miaka mia moja haliwaokoi kwa kila kitu.

Mizabibu inayosema Kiswahili

Hispania iko mbali na ina baridi. Kuna mahali pa karibu zaidi panapotufaa kwa mafundisho: Dodoma, katikati ya Tanzania. Mzabibu ulifika kule miaka ya 1950 na wamisionari wa Italia, ambao walikuwa na ulizo lile lile la papa wetu, divai ya misa itoke wapi, na waliupanda Bihawana, karibu na mji. Baada ya uhuru serikali iliuchukua mkononi. Kulikuwa na mashamba ya gereza la Isanga, kulikuwa na kampuni ya serikali iliyoitwa DOWICO, na mpaka leo kuna kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho kimeipa jina lake zabibu nyekundu inayolimwa sana na watu wa kule. Kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo, kilichoanzishwa na Waitalia, kinatengeneza divai za chupa kutoka kwenye aina kama Syrah na Chenin Blanc.

Kwa nini Dodoma? Iko juu mita 1,100 hivi, karibu sawa na Beni, lakini mvua yake ni kati ya milimita 500 na 600, na yote inaanguka kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4. Miezi mingine ni ukavu mtupu. Hakuna baridi ya kulaza mzabibu, kwa hiyo kazi ya baridi inafanywa na makasi. Mlimaji anakata matawi yote ya zamani, kama taye tunayofanya kwenye kahawa lakini kali zaidi, na siku chache baadaye macho yanafunguka. Miezi mine hivi baada ya kukata, anavuna. Ndiyo maana wako na mavuno mawili kwa mwaka: ya kwanza mwezi wa 2 na wa 3, ya pili mwezi wa 8 na wa 9. Yale ya pili ndiyo mazuri zaidi sababu tunda linaivia kwenye jua bila mvua. Lakini kwa yale ya pili lazima maji ya kumwagilia. Kule Chinangali, wilaya ya Chamwino, walimaji wadogo waliunganishwa katika shamba moja kubwa lenye tiyo za matone, kwa mkopo wa benki. Kila mtu akapata kipande chake cha mizabibu, na kila mtu akapata vilevile kipande chake cha deni.

Hapa tunafika kwenye kidonda. DOWICO ilipoanguka, walimaji walibaki na zabibu bila mnunuzi, na mizabibu mingi ilitelekezwa. Ilirudi viwanda vilipoongezeka, lakini kilio hakijakwisha. Kuna misimu ambapo mavuno ya mwezi wa 3 yanakuja yote pamoja, viwanda vinasema matangi yamejaa, na zabibu zinauzwa kando ya barabara ya Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, au zinaozea shambani. Serikali yao imejaribu kusaidia kwa kodi: divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nyumbani inalipa ushuru mdogo sana kuliko ile ya ngambo. Ni jambo zuri, na kwa maoni yangu limesaidia zaidi kuliko maneno mengi ya mikutano. Ila wenye nafuu ya kweli ni wale walimaji walioanza kuponda wenyewe. Wanapata kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, wanauweka kwenye matangi, na wanauzia kiwanda miezi iliyofuata. Mchuzi unangoja. Mwenye matenga ya zabibu hana siku tatu.

Na vilima vyetu?

Turudi kwa papa. Miaka mitatu iliyopita mwenzangu alinipatia vipande vinne vya mizabibu, nikavipanda nyuma ya nyumba hapa Butembo. Vilishika vyote vine. Mzabibu unaota kwetu, hakuna shida. Mtu akikuambia hauoti, muulize aliupanda wapi. Shida ni kwamba hauachi kuota. Hakuna baridi, hakuna ukavu wa kutosha, basi unatoa majani Januari mpaka Desemba, unachanua ovyo, na kwenye tawi moja unakuta ua, tunda bichi na tunda lililoiva. Nilijaribu makasi kama watu wa Dodoma. Macho yalifunguka vizuri, kisha mvua ya mwezi wa 10 ikaingia, na ndani ya majuma mawili majani yalikuwa na madoa ya mafuta juu na unga mweupe chini. Hiyo ni mildiu, ndugu wa ile mnayoijua kwenye viazi na nyanya. Matunda yaliyobaki yalipasuka kwa maji mengi. Nilikula vishada viwili, vichachu.

Dawa iko, na mnaijua. Ile maji ya bluu ya shaba na chokaa, buyi bordeleze, iligunduliwa hasa kwa ajili ya mizabibu: Millardet wa Bordeaux aliitangaza mwaka wa 1885. Lakini kwa mvua yetu ingetakiwa kupulizwa karibu kila juma, na kurudia kila baada ya mvua kubwa. Piga hesabu ya shaba, ya chokaa, ya mikono, ya maji ya kupandisha kilimani kichwani. Pengine kule chini, kwenye uwanda wa Semliki upande wa Kasindi, ambako kuna ukavu zaidi, mambo yangekuwa tofauti, na ningependa siku moja tujaribu mistari michache. Mistari michache, si hekta.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya Hispania haviandiki. Tangu mwaka wa 2014 walimaji wengi wa teritware ya Beni wamelala porini, wamehamia mjini, wamerudi, wamekimbia tena. Kila mmoja wetu anajua familia ambayo iliacha shamba juma moja na kulirudia baada ya mwaka. Mmea tunaouchagua hapa lazima tuuulize: wewe unaweza kumngoja mwenyewe? Muhogo unangoja ardhini. Ganda la kakao lililoiva linakaa juu ya mti majuma mawili au zaidi, hata kama wezi nao hawalali. Kahawa isiyopogolewa mwaka mmoja inaharibika umbo lakini inaishi. Mzabibu ulioachwa mwezi mmoja tu wakati wa mvua, umekwisha mavuno yake, na ulioachwa mwaka unageuka kichaka. Hii peke yake, kwangu, ingetosha kumwambia papa hapana.

Kile tunaweza kubeba nyumbani

Lakini papa hakuuliza ulizo baya. Alichokiona kwenye ile chupa ni pesa inayopita Kasindi ikitoka kwetu. Pesa ile inapita pia upande mwingine. Kahawa yetu ikiuzwa ngambo ya mpaka ikiwa imekauka vibaya, bila jina, kule inachanganywa na inapata jina la wengine. Kooperative kama Kawa Kanzururu, kwenye miteremko ya Ruwenzori, zinafanya kwa kahawa kile vijiji vya Rioja vilifanya kwa zabibu: stasyo ya kuoshea ni ya wanamemba wenyewe. Tunda jekundu la kahawa nalo haliachwi, linatakiwa kumenywa siku ileile ya kuvuna. Likishaoshwa na kukauka vizuri, linaweza kungoja miezi. Na hata jina lenyewe linasema kahawa inatoka wapi, sababu Kanzururu ni jina ambalo Wanande wanaitia theluji ya ule mlima. Watu wa Haro wangeelewa mara moja.

Kwa wale ambao hamu yao ni divai kweli, tuko na matunda mengine. Sukari njo inageuka pombe: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja zinatoa digri moja. Zabibu iliyoiva inapita gramu 200, ndiyo maana divai inafika digri 12. Nanasi la Beni lililoiva barabara liko na gramu 120 mpaka 140, kwa hiyo litafika digri saba au nane, au zaidi ukiongeza sukari. Kasiksi yetu ya ndizi inaharibika baada ya siku chache kwa sababu hewa inaingia na unga wa mtama unabaki ndani, si kwa sababu ndizi ni tunda baya. Chuja maji ya nanasi kwa kitambaa safi, tia kwenye bido ya plastiki ya chakula iliyooshwa kwa maji ya moto, ongeza levire, funga, na pitisha katiyo kutoka kwenye kifuniko mpaka ndani ya chupa ya maji. Gesi itatoka, hewa haitaingia. Baridi ya Butembo inatusaidia hapa, uchachuaji unaenda polepole na harufu ya tunda inabaki. Baada ya majuma mawili au matatu vipovu vikiisha, hamisha bila kutikisa machicha ya chini, na rudia mpaka ing'ae. Usijaze chupa wakati bado inachemka, itapasuka. Na mbele ya kubandika etiketi na kuuza, ipitishe kwa OCC ipimwe. Kundi la wamama linaloanza na bido mbili litajua baada ya miezi mitatu kama kazi inalipa, na hakuna mti wowote utakaokuwa umengolewa.

Juma lililopita nilienda kuona ile hekta. Miti ina miaka thelathini na zaidi, mirefu, matunda yako juu kabisa kwenye ncha, lakini mizizi ni mizima. Tulikubaliana juu ya resepaje: baada ya mavuno haya atakata theluthi moja ya miti kwenye urefu wa santimita 30 au 40, kata la kulala ili maji yateremke, kisha atachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu kwa kila kisiki na kungoa mengine. Mwaka unaofuata theluthi ya pili, kisha ya tatu. Miti iliyokatwa itaanza kuzaa tena baada ya miaka miwili hivi, na wakati huo nyumba haitakosa kahawa ya kuuza. Katikati ya mistari, penye mwanga sasa, bibi yake atapanda maharagwe.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa tunaagana akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kumpatia vipande viwili vya ule mzabibu wa nyuma ya nyumba yangu. Nimempa. Atavipanda chini ya paa la jikoni, upande ambao mvua haifiki.